Utamaduni si Ngoma ya Kupokelea Wageni

Mwaka 2019 nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi katika siku ya utamaduni ya kaunti moja ambayo, kwa kuchunga heshima, sitaitaja. Ratiba ilisema shughuli zingeanza saa tatu asubuhi. Waziri wa kaunti anayehusika na michezo, utamaduni na urithi aliwasili saa saba na nusu, wacheza ngoma wakiwa wamekwisha kupigwa na jua hata rangi za usoni zikawachuruzika shingoni. Aliposhika kipaza sauti alizungumza kwa dakika arobaini kuhusu kandanda. Akagawa jezi, akagawa mipira, akapigwa picha akiupiga teke mpira mmoja, watu wakashangilia. Kisha akatangaza kwamba sasa utamaduni ungetutumbuiza huku tukisubiri chakula.

Miongoni mwa waliotarajiwa kututumbuiza alikuwamo bibi kizee mmoja aliyetoka mbali. Hakuja kucheza. Alikuja kueleza asili ya majina ya vijito na vilima vya kwao, katika lugha ambayo wasemaji wake wanapungua kila uchao. Alipewa dakika tatu. Ilipotimia ya pili, mfawidhi alimpokonya kipaza sauti kwa adabu zote kwa kuwa kikundi cha sarakasi kilikuwa tayari. Nami nilikaa pale na karatasi yangu ya alama, nisijue nimpe nini. Karatasi ilikuwa na safu ya mavazi, safu ya mpangilio wa jukwaa na safu ya mvuto kwa watalii. Safu ya maarifa haikuwapo.

Tangu siku hiyo swali moja limekuwa likinikera: waziri huyu, hasa, kazi yake ni nini? Simwulizi yule mmoja tu, kwani yeye alifanya alichoona wenzake wakifanya. Nakiuliza cheo chenyewe. Na kwa kuwa kwetu cheo hiki ni kichanga, maana serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013, nimeona ni heri nianzie katika nchi ambayo imekuwa nacho kwa muda mrefu zaidi, ndiyo Afrika Kusini.

Nchi hiyo iligawanywa katika mikoa 9 mwaka 1994, baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi wa rangi. (Nasema mikoa, wala sisemi majimbo, kwa sababu neno jimbo hapa kwetu lina kisa kirefu cha siasa, na msomaji aweza kudhani namzungumzia mbunge.) Mikoa yetu ya zamani, ile 8, iliongozwa na wakuu wa mikoa walioteuliwa na Rais na kuwajibika kwake. Mkoa wa Afrika Kusini ni kitu kingine kabisa. Una bunge lake, na kiongozi wa serikali yake, wanayemwita Premia, huteua baraza la watu wasiopungua 5 wala kuzidi 10, wote kutoka miongoni mwa wajumbe wa bunge hilo la mkoa. Hivyo ndivyo inavyoagiza katiba ya mwaka 1996. Katika baraza hilo ndimo anamoketi mtu aliyekabidhiwa michezo, sanaa, utamaduni na urithi. Katika mkoa wa Rasi ya Magharibi, ambao ndio pekee ulio na katiba yake wenyewe, wajumbe wa baraza huitwa mawaziri waziwazi. Kwingineko wana jina refu zaidi, lakini kazi ni ile ile.

Katiba hiyo ina majedwali yanayogawa madaraka. Miongoni mwa mambo ambayo ni ya mkoa peke yake yametajwa makumbusho yasiyo ya kitaifa, maktaba zisizo za kitaifa, nyaraka, michezo ya mkoa na utamaduni wa mkoa. Jedwali lilo hilo linataja pia machinjio na leseni za vileo. Msomaji asicheke mapema. Jedwali la Nne la katiba yetu ya mwaka 2010 limeziweka shughuli za utamaduni katika kapu moja na kamari, mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema na kukodisha kanda za video, ndipo zikafuata maktaba, makumbusho, michezo, bustani na fuo. Watunga sheria kote duniani, inaonekana, wakishamaliza mambo wanayoyaona mazito huyakusanya yaliyosalia na kuyaita burudani. Hapo ndipo kosa linapozaliwa. Waziri akishaona jina la wizara yake limepangwa karibu na kasino, atawezaje kuamini kwamba amekabidhiwa amana?

Sitakaa sana katika michezo. Siidharau, maana mimi mwenyewe niliwahi kuwa mlinda lango hafifu wa timu ya chuo, ila michezo haihitaji wakili. Inajitetea kwa kelele zake. Uwanja huonekana ukiwa mbali, hukatwa utepe, huandikwa jina la aliyeufungua. Afrika Kusini ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 2010 ilitumia viwanja 10, na 5 kati ya hivyo vilijengwa upya kabisa. Katika mji wa Nelspruit, ambao sasa huitwa Mbombela, shule mbili zilihamishwa ili kuupisha uwanja, wanafunzi wakasomea katika madarasa ya muda hata wakaandamana. Walimu wanaosoma makala haya wanajua bila kuelezwa madarasa ya muda ni kitu gani. Nasi baada ya fainali za CHAN za Agosti 2025, na kwa kuwa tumekabidhiwa pamoja na Uganda na Tanzania Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, tumeingia katika homa iyo hiyo. Panapokuwa na wizara moja yenye watoto watatu, yaani michezo, utamaduni na urithi, mtoto anayelia kwa sauti kubwa ndiye anayenyonyeshwa. Wale wengine wawili huambiwa wangoje.

Lakini nikiingia katika urithi naona Afrika Kusini imefanya jambo ambalo sisi hatujalifanya ipasavyo: imeipa kazi hii meno. Sheria yao ya urithi ya mwaka 1999 imeyagawa mambo katika madaraja matatu. Yaliyo makubwa kwa taifa zima huangaliwa na mamlaka ya taifa. Yaliyo makubwa kwa mkoa huangaliwa na mamlaka ya urithi ya mkoa. Yaliyosalia huachiwa serikali za miji na vijiji. Sheria hiyo husema pia kwamba jengo lolote lililozidi umri wa miaka 60 haliwezi kubomolewa wala kubadilishwa bila ya kibali cha mamlaka ya urithi ya mkoa. Tafakari hilo, ndugu msomaji. Halisemi jumba la kifalme, halisemi ngome ya Mreno. Lasema jengo lolote. Nyumba ya mwalimu mkuu wa kwanza wa shule ya kijijini, duka la Mhindi lililokuwa kituo cha basi, kanisa la matofali ya udongo, vyote vina haki ya kuulizwa kabla ya kuvunjwa. Mtu akitaka kuvunja ni juu yake kueleza kwa nini, wala si juu ya jirani yake kulia kwa nini kimevunjwa.

Kwetu tunayo Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, na Makumbusho ya Kitaifa yamefanya kazi ambayo hatuwezi kuibeza. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda mwaka 2008, Ngome ya Yesu mwaka 2011, na Thimlich Ohinga kule Migori mwaka 2018. Hayo ni mafanikio makubwa, na yote ni ya ngazi ya taifa. Tatizo ni lile daraja la kati. Katiba imeiachia serikali ya taifa makumbusho ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Je, yale yasiyo na umuhimu wa kitaifa lakini ambayo ndiyo kumbukumbu yote ya tarafa moja, nani ayalinde? Jibu la kisheria ni kwamba ni ya kaunti. Jibu la mitaani ni kwamba ni ya tingatinga.

Nije sasa katika majina, jambo lililomleta yule bibi uwanjani. Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 1998 iliyounda baraza la majina ya mahali. Kila mkoa una kamati yake ya majina inayochunguza, kusikiliza wananchi na kupendekeza. Uamuzi wa mwisho ni wa waziri wa taifa. Kwa njia hiyo Grahamstown ikawa Makhanda mwaka 2018, na Port Elizabeth ikawa Gqeberha mwaka 2021. Jina hilo la pili lilizua zogo kubwa kwa sababu linaanza kwa sauti ya kidoko, ile inayotamkwa kwa kuubana ulimi juu ya kinywa na kuuachia ghafla, mithili ya mtu anayehimiza punda. Watu wazima, waliosoma, wakalalamika kwamba hawawezi kulitamka. Mwanaisimu akiyasikia malalamiko hayo hutabasamu kidogo. Wakazi wa Kixhosa wa mji huo walikuwa wamelitamka Port Elizabeth kwa zaidi ya karne moja na nusu bila ya yeyote kuwauliza kama ndimi zao zilistahimili.

Na kuna fundisho la pili, ambalo ningependa wanasiasa wetu wapenda kubadili majina ya barabara usiku walisikie. Mji wa Louis Trichardt, mkoani Limpopo, uligeuzwa Makhado mwaka 2003. Wakazi waliopinga walikwenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Rufani ikaufuta uamuzi huo kwa kuwa wananchi hawakushauriwa ipasavyo. Mahakama haikusema kwamba jina la Makhado halifai. Ilisema tu kwamba hata jina lililo bora likiletwa kwa mlango wa nyuma lina kasoro. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na kamati, kanuni na kumbukumbu za mikutano, mambo ambayo kwa mtazamaji huonekana makavu kuliko ngoma. Hapa kwetu mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kukuambia barabara fulani imepewa jina la mwanasiasa fulani, lakini hawezi kukuambia mto anaouvuka kila asubuhi jina lake lina maana gani, na mwalimu wake hana kitabu cha kumsaidia kwa sababu kaunti haijawahi kukiandika.

Sasa niseme kuhusu lugha yenyewe, nami naomba radhi ikiwa nitarefusha, maana mvuvi hupenda kusimulia bahari. Katika majina ya wizara hizi, iwe ni kule au huku, neno lugha aghalabu halimo. Pana michezo, pana sanaa, pana utamaduni, pana urithi, wakati mwingine pana vijana na jinsia. Lugha hudhaniwa kuwa imo ndani ya utamaduni kama chumvi ilivyo ndani ya mchuzi. Na kama chumvi, hakuna anayeikumbuka mpaka ikosekane. Afrika Kusini walau imejaribu kuiandika. Katiba yao huitaka kila serikali ya mkoa itumie lugha rasmi zisizopungua mbili. Rasi ya Magharibi ilipitisha sheria ya lugha za mkoa mwaka 1998, ikazitambua lugha tatu, Kiafrikana, Kiingereza na Kixhosa, na ikaunda kamati ya lugha ya kulisimamia jambo hilo. Waziri wa utamaduni wa mkoa ule, basi, hawezi kusema kwamba lugha si kazi yake. Imeandikwa.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani nampeleka peponi. Tazama Rasi ya Kaskazini, mkoa mkubwa kuliko yote kwa eneo na wenye watu wachache kuliko yote. Nembo ya mkoa huo ina wito uliotungwa katika Nǀuu, lugha ya kale ya Wasan, na aliyeutoa wito huo alikuwa Elsie Vaalbooi, mmoja wa wasemaji wa mwisho. Ni heshima kubwa. Lakini lugha iliyochorwa kwenye nembo ya serikali, katika karatasi za ofisi na milango ya magari, haikuwa na darasa hata moja la serikali. Aliyeifundisha alikuwa mama mwingine mzee, Katrina Esau, mzaliwa wa mwaka 1933, ambaye aliwakusanya watoto nyumbani kwake karibu na mji wa Upington akawafundisha nyimbo, hesabu na majina ya wanyama. Baadaye wanaisimu walimsaidia kuiwekea lugha hiyo mfumo wa kuandikia. Mwaka 2014 serikali ya taifa ilimtunukia nishani, na alistahili. Ila nishani ilimkuta kazini. Sijasikia kwamba nishani iliwahi kumfundisha mtoto irabu.

Nimeutaja mfano huo kwa sababu unatuhusu kwa karibu kuliko tunavyodhani. Wanafunzi wangu hushangaa ninapowaambia kwamba sauti za vidoko haziko kusini mwa bara hili tu. Ziko Tanzania, katika Kisandawe na Kihadza. Na ziko Kenya. Katika bara inayoelekeana na visiwa vya Lamu, na kando ya Mto Tana, wapo Wadahalo, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi na ina vidoko ambavyo asili yake ingali inawasumbua wataalamu. Wasemaji wake hawazidi mamia machache. Wanafunzi wa isimu wa Ulaya na Marekani huisoma lugha hii darasani. Mwanafunzi wa sekondari aliyezaliwa mwendo wa saa chache kutoka hapo hajawahi kulisikia jina lake. Ukienda Laikipia utakuta Kiyaaku, ukienda Ziwa Turkana utakuta Kielmolo, lugha ambazo wenyewe wamekwisha kuhamia katika lugha za majirani na sasa wanajaribu kuokota yaliyobaki. Hizi zote ziko chini ya waziri fulani wa kaunti. Je, anajua?

Wala nisiwazungumzie wachache peke yao. Sisi tunaojiita wapenzi wa Kiswahili tumezoea kuamini kwamba lugha yetu i salama kwa kuwa inasemwa na mamilioni. Kiswahili sanifu i salama. Kisiu, Kipate, Kitikuu na Chijomvu haziko salama hata kidogo, na kila shaha anayezikwa huzikwa na msamiati wa uvuvi, wa nyota, wa ujenzi wa jahazi na wa miti ya dawa. Miswada mingi ya tenzi zetu, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, mtafiti huifuata London na Hamburg. Siwalaumu waliokwenda kuihifadhi. Pengine wangeiacha ingeliwa na mchwa. Nauliza tu ni kaunti ipi ya pwani iliyokwisha kutenga chumba kimoja chenye ubaridi wa kutosha kuipokea siku ikirudi, au hata nakala zake.

Hapa pana kiungo kingine na Afrika Kusini ambacho walimu wa historia wangeweza kukitumia. Kuanzia mwaka 1873 manowari za Waingereza zilipeleka Durban watu waliokombolewa katika majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, waliopitia Zanzibar. Wenyeji wakawaita Wazanzibari, na jina hilo limebaki kwa vizazi vyao hadi leo. Waliishi Kings Rest, kwenye mwinuko unaotazama bandari, wakiwa na msikiti wao, mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960. Serikali hiyo ilishindwa kujua iwaandike kabila gani, ikaishia kuwaita Waasia wa aina nyingine. Kimakua chao kilidumu nyumbani kwa zaidi ya karne moja, pamoja na maneno ya Kiswahili, bila ya shule, bila ya redio na bila ya waziri. Katika mkoa wenye Wazulu wengi na Wahindi wengi, jamii ndogo namna hiyo haina kura za kumtetemesha yeyote. Ndiyo maana ofisi ya urithi isiachiwe hesabu ya kura peke yake.

Turudi nyumbani. Watakuwapo wa kuniambia kwamba kaunti hazina dawa hospitalini, seuze fedha za kurekodi wazee. Hoja hiyo naiheshimu, ila haisimami pale pesa zinapopatikana kwa ajili ya mahema, vipaza sauti, sare na posho za siku ya utamaduni. Kinasa sauti na mtafiti mmoja kijana kwa mwaka mzima havigharimu kuzidi sherehe moja ya siku mbili. Wengine watasema hakuna sheria. Ipo. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni ya mwaka 2016 inaitaka kila kaunti ianzishe na kutunza daftari la maarifa ya jadi ya watu wake. Katiba, katika kifungu cha 7, inaitaka dola ikuze na ilinde lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Mwalimu anayesoma makala haya aweza kujaribu jambo rahisi: aende na wanafunzi wake katika ofisi ya utamaduni ya kaunti yao waombe kuliona daftari hilo. Waende kwa heshima, wasiwe na papara. Majibu watakayopata yatakuwa somo zuri la uraia kuliko lolote nitakaloandika.

Kuna pia suala la nani anayeshika cheo. Kule Afrika Kusini waziri wa mkoa ni mjumbe wa bunge la mkoa, hivyo ni mwanasiasa aliyeingia kwa orodha ya chama. Sisi katiba yetu imetaka kinyume chake: gavana huteua watu wasio wajumbe wa bunge la kaunti, nalo bunge huwaidhinisha. Nia ilikuwa kupata wataalamu. Ilikuwa nia njema. Ila hebu tazama katika usaili wa wanaoteuliwa maswali wanayoulizwa. Wa fedha huulizwa kuhusu bajeti, wa afya huulizwa kuhusu magonjwa. Wa michezo na utamaduni huulizwa atawasaidiaje vijana kupata vipaji, basi, usaili ukaisha. Sijapata kumsikia aliyeulizwa kaunti yake ina lugha ngapi.

Na katika haya yote nisiwasahau waliobeba mzigo bila ya cheo. Tamasha za muziki za shule zetu zilianza mwaka 1927, na zile za drama mwaka 1959. Ni walimu waliozilea, wakitoa jioni zao na mara nyingi nauli zao. Kama pana wizara ya utamaduni iliyofanya kazi humu nchini kwa muda wote huo, ni chumba cha walimu. Lakini mimi nikiwa mwamuzi wa mara kwa mara sina budi kusema pia nililoliona. Shule huajiri mkufunzi, mkufunzi huleta wimbo kutoka pembe nyingine ya nchi, watoto hukariri maneno wasiyoyaelewa, hushinda, hupiga picha na kikombe. Ukimwuliza mmoja wao maana ya kiitikio hukutazama kama uliyemwuliza maana ya filimbi. Hilo nalo ni ngoma ya kupokelea wageni, ila wageni ndio sisi waamuzi. Laiti kaunti ingewapa walimu hao kitabu cha nyimbo za mahali pao, kikiwa na maana, mazingira na jina la aliyezisimulia, tamasha lingekuwa chuo.

Baada ya siku ile ya 2019 niliiandikia ofisi husika barua ya kurasa mbili. Nilieleza kuhusu yule bibi, nikataja majina kumi na manne ya vijito niliyowahi kuyanakili kabla hajapokonywa kipaza sauti, nikaomba ofisi itoe gari na dereva kwa siku tano ili mimi na wanafunzi wangu wawili tumfuate kwake tukamrekodi. Kurekodi tungefanya bila malipo. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, limepigwa chapa vizuri na lina muhuri. Lilinishukuru kwa kuuenzi utamaduni. Kisha likaniuliza kikundi cha huyo mama kina wachezaji wangapi, na kama wana sare zao wenyewe, kwa kuwa kulikuwa na wageni waliotarajiwa kuwasili mwezi uliofuata.